Joko la umeme, gesi au kuni: lipi linafaa kwa vikombe na kwa kioo cha chupa?

mfinyanzi_arusha
Habari zenu wakuu. Nafungua karakana ndogo pembeni mwa mji wa Arusha. Nataka kuchoma vikombe na mabakuli ya glezi (ule mpako unaoyeyuka na kuwa kama kioo juu ya udongo), nyuzi joto 1,220 hivi, na pia kufanya kazi za kioo kutokana na chupa zilizotumika. Umeme nilio nao ni wa fezi moja. Joko moja litatosha kwa vyote? Nichukue la umeme, gesi au kuni?

vioo_nrb
Karibu. Kabla ya bei, tuambie kazi yenyewe ya kioo ni ipi. Kulainisha chupa hadi ikae kwenye kalibu ni nyuzi 700 na kitu. Kuunganisha vipande viwe bamba moja ni 800 hivi. Hayo joko la umeme linayamudu. Kupuliza ni habari nyingine kabisa: unahitaji tanuru lenye chungu cha kuyeyushia, nyuzi 1,100 kwenda juu, na moto hauzimwi usiku, maana chungu kikipoa ghafla kinapasuka. Hiyo gharama ya mafuta au gesi inakula karakana changa. Karakana inayoitwa Shanga ipo hapo hapo Arusha na wanapuliza kioo cha chupa kuukuu. Nenda ukaone tanuru likifanya kazi ndipo uamue.

bi_glezi
Mdogo wangu, anza na umeme. Gesi naipenda, tena sana: ukibana hewa, glezi ya shaba ambayo kwenye umeme ingetoka kijani inatoka nyekundu kama damu. Lakini kubana hewa huko kunatoa kaboni monoksaidi, kwa hiyo joko la gesi likae nje au kwenye banda lililo wazi. Mtungi mdogo nao ukivutwa kwa kasi unapata baridi na presha inashuka katikati ya kazi. Jipange kwa mitungi ya kilo 38.

Hata ukiwa na kidhibiti joto cha kisasa, weka koni namba 6, kile kipande kidogo cha kupimia uchomaji, kwenye kila rafu. Kidhibiti kinasoma joto la pale kilipochomekwa tu. Koni inapinda kwa joto pamoja na muda, ndivyo glezi nayo inavyoiva. Ukikuta ya juu imelala na ya chini bado imesimama, umeshajua vikombe vipi vitatoka vibichi.

fundi_umeme_dar
Piga hesabu kwanza. Joko kama Skutt KM1027, lita 200 hivi, linavuta ampea 48 kwa volti 240, yaani kilowati 11.5. Likiwaka mfululizo saa 8 ni uniti 92 za LUKU. Kwa kuwa huwaka na kuzima utatumia pungufu, ila laini yako lazima iubebe mzigo huo wote. Vuta waya wake wenyewe kutoka kwenye bodi, na swichi yake. Kwa fezi moja, mimi ningeenda na lita 100 au pungufu.

mpenda_kuni
Kina mama Wakisi wa Ikombe, Ziwa Nyasa, wanachoma vyungu bila joko la kujengwa na vinapikiwa miaka. Moto wa wazi mara nyingi haufiki nyuzi 900, kwa hiyo kwa glezi yako sahau.

vioo_nrb
Naongeza kuhusu kupoza, maana ndiko kioo kinakovunjika. Kioo cha chupa kikishaungana, kishikilie kwenye nyuzi 540 hivi, karibu saa moja kwa kipande chembamba, kisha shusha taratibu. Kidhibiti kisicho na hatua za kushusha joto usinunue. Usichanganye chupa za aina tofauti kwenye bamba moja: hazisinyai sawa, na ufa unaweza kutokea wiki kadhaa baadaye. Umeme ukikatika, usifungue mfuniko.

mfinyanzi_arusha
Asanteni sana. Basi ni umeme, lita 100, na kupuliza naacha kwa sasa. Chumba kina ukuta wa mbao upande mmoja, kuna tatizo?

fundi_umeme_dar
Lipo. Acha angalau sentimita 45 pande zote, na upande wa mbao zaidi ya hapo. Liweke juu ya stendi ya chuma, sakafu iwe ya saruji.