Ushauri: kusimba taarifa za wagonjwa kwenye seva ya kliniki

Kisauni_IT: Salaam wakuu. Kliniki iko Mombasa: seva moja ya Ubuntu, hifadhidata ya PostgreSQL, bekapu kila usiku kwenye diski ya nje. Hakuna kilichosimbwa (kugeuzwa kisisomeke bila ufunguo), na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu afya kuwa data nyeti. Nikiweka LUKS pekee, ile ya kusimba diski nzima kwenye Linux, inatosha?

FunguoMbili: Haitoshi. LUKS inamzuia anayebeba diski iliyozimwa. Seva ikiwa inawaka, mwenye nenosiri la hifadhidata anasoma kila kitu. Iweke, ila usisimbe diski ileile yenye data. Andaa mpya, kisha hamishia. Fanya pia luksHeaderBackup, yaani nakala ya kichwa cha LUKS (sehemu ya diski inayobeba funguo), uihifadhi nje ya seva: kichwa cha LUKS kikiharibika, hata nenosiri sahihi halifungui kitu.

Majibu ya maabara, maelezo ya ugonjwa na namba ya kitambulisho visimbwe ndani ya programu kwa AES-256-GCM (njia ya kusimba), kabla ya kufika PostgreSQL. Nonsi (namba ya kutumika mara moja tu) ya baiti 12 isirudiwe kamwe kwa ufunguo uleule. pgcrypto, nyongeza ya kusimba ndani ya PostgreSQL, ni rahisi, lakini ufunguo husafiri ndani ya amri ya SQL na unaweza kuishia kwenye logi.

Kisauni_IT: Mapokezi wanatafuta mgonjwa kwa namba ya kitambulisho. Ikisimbwa wataipataje?

FunguoMbili: Ongeza safu (column) ya HMAC-SHA-256 ya namba hiyo, yaani alama isiyogeuzika inayotengenezwa kwa ufunguo, na ufunguo huo uwe wake peke yake. Mapokezi wakiandika namba, programu inatengeneza alama ileile na kuitafuta. SHA-256 tupu, isiyo na ufunguo, ni kujidanganya: tarakimu nane ni namba milioni 100 tu, kompyuta ya kawaida inazijaribu zote upesi.

Mzee_wa_Logi: Bekapu jamani! pg_dump (nakala ya hifadhidata) inayotoka kwenye diski ya LUKS iko wazi, ukiacha safu zilizosimbwa na programu. Ipitishe kwenye age, programu ya kusimba faili, kwa ufunguo wa umma (wa kufungia). Ule wa siri (wa kufungulia) usikae kwenye seva. Na mjaribu kuirejesha kwenye mashine nyingine.

Halafu stima. Ikipotea usiku, seva ikiwaka tena inasubiri nenosiri la LUKS, na asubuhi foleni ya wagonjwa inakungoja wewe. Tumia Clevis, inayofungua diski yenyewe kwa msaada wa Tang kupitia mtandao; Tang ikae kwenye mashine ndogo iliyofungiwa chumba kingine. Zikikaa kabati moja, mwizi anaondoka na zote mbili.

Kifungu43: Kwa upande wa sheria: uvujaji unaoweza kuwadhuru watu unaripotiwa kwa Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu uujue. Wagonjwa wenyewe si lazima waarifiwe ikiwa data iliyovuja ilikuwa imesimbwa ipasavyo. Ufunguo ukivuja nayo, kinga hiyo huna. Kagueni leo kama faili ya .env (yenye nenosiri na funguo za programu) haimo kwenye bekapu.