Re: Mwenye nyumba anaingia bila hodi

> Wapendwa, habari za huko mliko. Mwenye nyumba wangu ana ufunguo wa akiba, anaingia anapotaka. Juzi kanikuta natoka kuoga, nimejifunga taulo, na badala ya kuomba radhi akanigombeza eti majirani wananiona dirishani. Ana haki hiyo? Niko London.

Dada, pole sana. Hana.

Kwa England, ukiwa umepanga fleti au nyumba nzima, sheria ya mwaka 1985 inamruhusu kuja kukagua hali ya nyumba, lakini akupe taarifa ya maandishi angalau saa 24 kabla, tena aje saa za kistaarabu. Moto au bomba lililopasuka ni habari nyingine. Kuwa na ufunguo si kuwa na ruhusa. Mwandikie leo leo, kwa adabu, utaje siku alizoingia, na nakala ubaki nayo. Usimpigie simu, maneno ya simu hukanwa. Ila kama umepanga chumba ndani ya nyumba anayoishi mwenyewe na jiko mnachangia, kinga yako ni ndogo mno. Hapo nenda naye taratibu.

La dirishani lisikutishe. Kukaa na taulo, hata bila taulo, ndani kwako si kosa hapa. Sheria ya 2003 inamlenga anayejianika makusudi ili aonekane na kumshtua mtu. Singapore ndiyo wakali: ukionekana uchi kutoka nje ni kosa, hata kama uko sebuleni kwako.

Na anayechungulia naye ana mipaka. Wenye fleti za vioo jirani na Tate Modern, jumba la maonyesho ya sanaa hapa London, walifungua kesi kwa kuwa wageni waliopanda roshani ya jumba lile walikuwa wakiwakodolea macho na kuwapiga picha, wengine hata kwa darubini. Mwaka 2019 jaji aliwaambia, pamoja na mengine, wanaweza kuweka mapazia. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ikawapa haki, majaji watatu kwa wawili. (Mimi pazia ningeweka tu. Kesi ni pesa.)

> Asante kaka. Na je, nikifunga kamera ya kengele mlangoni?

Ikiishia kwenye eneo lako, hakuna neno. Ikifika barabarani au kwa jirani, sheria ya ulinzi wa data inakuhusu: bandika tangazo, na jirani akiomba picha alizomo, mpe. Sauti izime kabisa. Mwaka 2021 mahakama ya Oxford iliamua dhidi ya mwenye kamera, na kilichomponza zaidi ni kinasa sauti kilichofika mbali kuliko picha.