Mjadala: Chombo cha vizazi kichorwe kikiwa kipya, au kichorwe na viraka vyake?

Ndugu wachangiaji, naomba tujadili swali ambalo kwa muda mrefu limetugawa sisi tunaochora picha za hadithi za kubuni za kisayansi. Chombo cha vizazi, yaani kile kinachosafiri kwenda nyota nyingine polepole kiasi kwamba wanaoondoka hufia njiani na wanaofika ni vitukuu wa vitukuu wao, kinaaminika kwa kitu gani? Wapo wenzetu wanaoshikilia kwamba mchoro usiopigiwa hesabu ni uongo uliopakwa rangi. Wapo wanaowajibu kwamba sanaa haikuzaliwa darasani, na kwamba mtazamaji akishavutwa na picha hana haja ya kuuliza injini inakula nini. Nimechora vyombo hivi kwa miaka kadhaa, na naona pande zote mbili zinaliruka jambo lililo kubwa zaidi: karibu sote tunachora chombo kama kilivyokuwa siku ya kung'oa nanga, ilhali hadithi yenyewe ni ya watu waliozaliwa humo miaka 200 baadaye.

Tuanze na umbali, kwa sababu ndio unaoleta vizazi. Nyota iliyo jirani zaidi na Jua letu ni Proxima Centauri, umbali wa miaka ya nuru 4.24 (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja). Voyager 1, chombo cha utafiti kisicho na watu kilichorushwa mwaka 1977 na ambacho sasa kinakwenda kilomita 17 hivi kwa sekunde, kingehitaji zaidi ya miaka 70,000 kuukata umbali huo. Hata tukijaliwa asilimia moja ya mwendo wa nuru, safari inazidi miaka 420.

Picha ambazo wengi wetu tumezirithi, tukijua au bila kujua, ni zile zilizochorwa na Don Davis na Rick Guidice kuhusu makazi ya angani yaliyotafitiwa katika kituo cha NASA cha Ames, California, mwaka 1975. Nazipenda sana picha hizo. Makazi makuu yaliyomo, Gurudumu la Stanford, yaani mji wenye umbo la gurudumu, lilikusudiwa watu 10,000, lilikuwa na kipenyo cha takriban kilomita 1.8, na lilizunguka mara moja kwa dakika ili wakaaji wajisikie wazito karibu kama walivyo duniani. Wachoraji walipewa vipimo hivyo kwanza, kisha wakaweka nyumba, miti na vijito juu ya sakafu inayopinda na kupanda mbele ya macho yako. Ndiyo maana picha zinasimama hadi leo: jicho linahisi kwamba mpindo ule una hesabu nyuma yake, hata kama mwenye jicho hajawahi kukokotoa chochote.

Lakini angalieni tulichokifanya na urithi huo. Makazi yale yalikuwa yazunguke karibu na Dunia, palipo na Jua, na kwa hiyo yaliwekewa vioo vikubwa vya kuakisi mwanga na madirisha ya kuupitisha ndani. Sisi tumeyachukua madirisha na vioo vilevile, tukavipachika kwenye chombo kilichoko katikati ya nyota na nyota, mahali ambapo Jua limebaki nukta kama nukta nyingine. Kisha tunamwaga humo mwanga wa saa nne asubuhi. Unatoka wapi? Ndani ya chombo cha vizazi, kila mwanga ni wa taa. Asubuhi ni uamuzi wa mtu, au wa mashine iliyoachiwa uamuzi huo na mtu aliyekufa zamani. Mchoraji akilikubali hilo anapata utajiri mwingi: taa zilizokufa na hazikubadilishwa, mtaa ambao jioni yake hufika mapema kwa sababu umeme unabanwa, na kivuli chenye kingo mbili kwa kuwa taa ni mbili. Huo ni mfano wa hesabu inayoipa sanaa chakula, nami nawaomba wanaoichukia fizikia waupime kwa haki.

Kuhusu joto nitasema kwa ufupi. Angani hakuna upepo wa kupoza kitu, kwa hiyo joto lote la taa, mashine na miili ya watu halina budi kutolewa nje kwa njia ya mionzi, na kazi hiyo inataka rejeta pana mno. Michoro mingi haina hata moja, na nadhani ni kwa sababu tunaogopa zitaonekana kama mabawa.

Sasa nije kwenye muda. Aliyewahi kukaa na mafundi wa majahazi, kwa mfano pale Matondoni kisiwani Lamu, atakuwa ameona chombo kilichopandishwa pwani kwa matengenezo. Ubao mpya bado ni mwekundu, na pembeni yake upo ubao uliokwisha kuwa wa kijivu kwa chumvi na jua. Pamba ya kalafati imechungulia kwenye maungio, na harufu ya mafuta ya sifa, yaani ya papa, imetanda. Ukimwuliza nahodha chombo kina umri gani, ataanza na mkuku ulio uti wa chini wa chombo, halafu mataruma yaliyo mbavu zake, halafu mbao, kwa sababu kila sehemu ina umri wake. Hilo ndilo nisiloliona katika michoro yetu. Chombo cha miaka 200 hakiwezi kuwa na rangi moja. Lazima kuwe na paneli iliyotolewa chumba kingine ikakatwa ili ienee, mlango ambao bawaba zake hazifanani, na bomba lililozungushiwa kitu ambacho hapo mwanzo kilikuwa nguo. Ukarabati ni kumbukumbu, na anayeuficha ananyima picha historia yake.

Wapo watakaosema kwamba wahandisi wa siku hizo watakuwa wameyafikiria yote. Nawakumbusha yaliyotokea Biosphere 2, Arizona. Mwezi Septemba 1991 watu wanane walifungiwa ndani ya jengo la kioo lenye eneo la hekta 1.27, likiwa na msitu, mashamba na bahari ndogo, wakae miaka miwili. Oksijeni ilianza kupungua bila mtu kuelewa sababu, ikashuka kutoka karibu asilimia 21 hadi asilimia 14 na ushei, hata mapema mwaka 1993 ikabidi ipelekwe kutoka nje. Vijidudu vya udongo wenye rutuba nyingi vilikuwa vikiila oksijeni na kutoa hewa ya ukaa, na ile hewa ya ukaa ikanywewa na zege la kuta. Wadudu wanaochavusha mimea walikufa, mende na sisimizi wakastawi. Huo ulikuwa muda usiofika hata miaka miwili, na msaada ulikuwa nje ya mlango. Kwa hiyo mimi nikiona bustani ya angani isiyo na mdudu hata mmoja wa kero, na ukuta usio na doa, siamini kwamba mtu amewahi kuishi humo.

Maandishi nayo yana umri. Kila mara naona vibao vya chombo vikiwa na herufi zilezile tangu safari ianze hadi iishe. Barua za zamani zaidi za Kiswahili zinazojulikana ziliandikwa Kilwa mwaka 1711 na zimehifadhiwa Goa. Ziko kwa hati ya Kiarabu, na msomaji wa leo aliyezoea herufi za Kilatini hawezi kuzisoma bila kufundishwa, ingawa lugha ni yake mwenyewe. Ikiwa miaka 300 imetufanyia hivyo sisi tuliokuwa na pwani nzima ya kuzungumza nayo, kwa nini watu waliofungiwa ndani ya chombo kimoja waandike kama mababu zao? Nashauri maandishi ya waasisi yaonekane yamebaki ukutani kama nakshi, na chini yake pawe na alama za mkono ambazo wakaaji wa sasa ndio wanaozisoma.

Mwenzetu mmoja amenijibu kwamba nadharau usanifu, akatoa mfano wa shindano la Hyperion, la kubuni vyombo vya vizazi, lililotangaza washindi mwaka 2025. Mfano ni mzuri, na silidharau shindano hilo hata kidogo. Kila timu ilitakiwa kuwa na msanifu majengo, mhandisi na mtaalamu wa sayansi ya jamii, na mchoro ulioshinda, Chrysalis, ni wa chombo chenye urefu wa kilomita 58 kinachoweza kubeba watu wapatao 2,400 kwa safari ya takriban miaka 400. Itazameni idadi hiyo ya watu kwa jicho la mchoraji. Watu 2,400 ni kijiji. Kila mtu anajua huyu ni mtoto wa nani, na nani hasemi na nani. Hata hivyo tunachora umati wa wageni wanaopishana bila kusalimiana, kama uwanja wa ndege, wakati ambapo katika chombo kama hicho mgeni hayupo kabisa.

Hivi sasa nachora jiko dogo ndani ya gurudumu lenye nusu kipenyo cha mita 224, linalozunguka mara mbili kwa dakika, vipimo vinavyotoa uzito sawa na wa duniani. Bibi anamimina chai kwa mkono ulioinuliwa juu. Katika mzunguko huo, chai inayoanguka mita moja hutua karibu sentimita 6 kando, kinyume cha mwelekeo wa mzunguko, kwa hiyo nimekiweka kikombe kando ya mdomo wa birika, wala bibi hakitazami, maana hajawahi kuishi mahali ambapo chai huanguka wima. Wengi hawataliona hilo, na bado nimelichora.

Nyuma yake kuna kitalu cha mchicha, na hapo ndipo nilipokwama. Katika chombo kilichofungwa hakuna kitu kinachoweza kutupwa nje, kwa sababu madini yaliyomo mwilini mwa marehemu yanahitajiwa na mimea ya mwaka unaofuata. Maiti lazima warudi kwenye udongo huohuo unaolisha walio hai. Sijawahi kuona mchoro wa chombo cha vizazi unaoonyesha wafu wake wako wapi, nami sijui kama niandike majina yao kwenye ukingo wa kitalu, mahali ambapo bibi huegemeza kiwiko akichuma mboga, au kama watu wa kizazi cha sita wangekuwa wamekwisha acha kuyaandika. Ninyi mngeyaandika?