Tupeane uzoefu: malori ya kokoto yalipoanza kupita kijijini kwenu, mlifanyaje?

Mwanakijiji wa Ndani
Ndugu zangu, naomba mawazo yenu. Kijiji chetu kipo ndani kama kilomita 6 kutoka barabara kuu ya Chalinze–Segera, upande wa Lugoba. Mliojenga Dar mnazijua kokoto za huku. Sasa kuna mtu ameomba mlima ulio nyuma ya kijiji, apasue mwamba na kufunga krasha, ile mashine ya kusaga mawe yawe kokoto. Mkutano wa kijiji umeitwa Jumamosi ya wiki ijayo, na watu wa tathmini ya mazingira watakuwepo.

Mradi siupingi. Vijana wanataka kazi, na kila nyumba ya tofali tunayoisifia ina kokoto ndani yake. Hofu yangu ni barabara. Tunayo hiyo moja ya udongo, inapita shuleni, kisimani, na mbele ya genge la mama yangu. Nimeipima kwa miguu, upana wake ni hatua saba tu. Tipa ikikutana na bodaboda pale, wa bodaboda anaishia mtaroni. Mliopitia haya, mlidai nini mapema? Kipi kilisaidia, na kipi kilibaki maneno?

Mama Tunu
Pole mwanangu. Kwetu waliahidi boza la maji, na kweli lilikuja. Saa moja asubuhi linamwaga, saa tatu jua limeshakausha, halafu basi hadi kesho. Nilianika maharage kwenye mkeka, jioni nikayakuta meupe kama yamenyunyiziwa unga. Uji wa mtoto nilikuwa nafunika kwa khanga mbili, na bado ukiunywa unasikia mchanga kwenye meno. Kosa lilikuwa letu pia, kwani muhtasari wa mkutano uliandikwa "mwekezaji atamwagia maji barabara". Mara ngapi, haikuandikwa. Nyie andikeni saa. Andikeni kwamba siku boza limeharibika, malori hayatoki. Na kila gari lifunikwe turubai, maana kokoto moja ikidondoka kutoka juu ni jiwe limerushwa.

Tairi Kumi
Mimi ni dereva wa tipa, mwaka wa tisa huu. Naongea kwa moyo safi kwa sababu na mimi nina watoto wanaotembea kwa mguu kwenda shule.

Watu wanadhani tunakimbiza kwa ukaidi. Wengi wetu tunalipwa kwa tripu. Tajiri anataka hesabu yake jioni, na foleni ya kupakia inaweza kukula masaa matatu. Ule muda unaurudisha wapi? Barabarani. Ndiyo maana kibao cha 30 hakisaidii kitu, na matuta tunayapunguzia pale pale kisha tunakanyaga tena. Hatari zaidi ni gari linaporudi tupu. Likiwa na mzigo linapanda polepole, ila tupu linaruka, na tandiboi anakusukuma muwahi foleni.

Kuna machimbo mamoja nilipakia ambapo wanakijiji walidai kitu kimoja tu, zamu. Kila gari lina namba na saa yake ya kuingia getini. Ukiwahi, unasubiri nje, hupakiwi. Basi haraka ikafa yenyewe, kwa sababu haikuleta faida. Mzee aliyekuwa akikaa na kitabu getini alikuwa wa kijiji, si wa kampuni. Hilo ndilo la kuomba. Na ombeni gari liwe na namba kubwa ubavuni, inayosomeka na mtoto wa darasa la tatu. Dereva akijua bibi kizee anaweza kumtaja kwa namba, anabadilika.

Fundi Barabara
Naongeza la kitaalamu kwa ufupi. Uharibifu wa barabara hauongezeki sawasawa na uzito. Majaribio yaliyofanywa Illinois, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950 yalionyesha kwamba ukizidisha mara mbili mzigo wa ekseli moja (mhimili wa magurudumu), madhara yanafikia karibu mara 16. Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016 inaweka tani 56 kuwa kikomo cha juu kabisa kwa gari zima, lakini mizani iko barabara kuu. Kilomita zenu 6 lori litazipita kabla halijapimwa popote. Daini mizani getini. Pia waulizeni TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, waziwazi, barabara ikichimbika nani anaitengeneza, na kwa fedha ipi.

Mkaazi wa Katani
Salamu kutoka Machakos, Kenya. Huku lori za kokoto tumezizoea. Kilichotusaidia ni masaa. Hakuna lori kupita watoto wakienda shule na wakitoka, na usiku hakuna kabisa. Lakini mhakikishe yako kwenye masharti ya leseni ya mazingira. Sisi mwanzo tulipewa kwa mdomo, meneja akabadilishwa, yakaisha.

Baba Neema
Nilikuwa halmashauri ya kijiji wakati krasha yetu inaanza. Tuliambiwa "malori 20 kwa siku" tukapiga makofi. Hesabu tulikuja kuielewa baadaye. Krasha ikitoa tani 500 na tipa ibebe 25, ni tripu 20 kweli, ila aliyekaa barazani anapitiwa mara 40, maana tupu nayo lazima irudi. Kwa siku ya saa kumi, ni gari moja kila dakika 15. Bibi mwenye miguu mizito anavukaje?

Tulirudi mezani na kuomba njia ya pembeni, izunguke nyuma ya mashamba. Walikataa mara mbili. Tulipowaonyesha kwamba wenye mashamba saba wameshasaini kuachia ukanda kwa fidia, wakakubali kuichonga. Kwa hiyo usiende mkutanoni na "hatutaki". Nenda na ramani uliyochora mwenyewe na watu wa kuithibitisha. Na uliza tani kwa siku, usiulize malori. Mkishakubaliana, isomwe kwa sauti, ipigiwe kura, nakala ibaki kwa mtendaji na nyingine kwa mwalimu mkuu.

Mwanakijiji wa Ndani
Mungu awabariki. Leo nimeamka alfajiri nikakaa mbele ya shule na daftari. Kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili wamepita watoto 187, wengine wamebeba madumu ya maji ya kumwagilia bustani ya shule. Baiskeli 23, bodaboda 9, punda wawili, lori hakuna. Pale kwenye kona ya mwembe watoto wanatembea katikati ya barabara, kwa sababu pembeni kuna korongo.

Jioni mimi na vijana wawili tunapita nyuma ya mashamba na kamba, tuone kama njia ya pembeni inaingia. Mwenye shamba la kwanza ni baba mdogo, nimeshamwomba tuonane magharibi. Daftari nitalisoma Jumamosi kabla ya mwekezaji hajaongea, ili liingie kwenye muhtasari.