Homa isiyo malaria na maji tunayohifadhi uani

Mpangaji wa Tabata
Ndugu wanajamvi, habari za leo. Katika nyumba tunayoishi familia kadhaa hapa Tabata, wenzetu wawili wameugua kwa kufuatana homa kali, maumivu nyuma ya macho na maumivu ya viungo yanayowazuia hata kuinuka kitandani. Vipimo vya malaria havikuonyesha vimelea, na sote hulala ndani ya chandarua. Jirani anashuku dengue, homa ya kirusi inayoenezwa na mbu. Kinachonitatiza ni kwamba maji hapa hutoka kwa mgao, kila familia ina mapipa na ndoo zake uani, hivyo ushauri wa kumwaga maji yote ili mbu wasizaliane hautekelezeki. Tufanyeje, na wagonjwa watumie dawa gani?

Tabibu, Temeke
Poleni kwa kuuguza. Dalili hizo zinafanana na za dengue, ugonjwa uliolisumbua jiji letu la Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, ingawa kipimo cha damu ndicho kitakachothibitisha. Nianze na dawa, kwa kuwa hapo ndipo watu wengi hujidhuru: tumieni parasetamoli peke yake, kwa kiasi kilichoelekezwa, pamoja na vinywaji vingi kama maji, madafu au ORS (chumvi maalumu ya kuchanganya na maji ili kurudisha maji mwilini). Asprini, ibuprofeni na diklofenaki ziepukwe kabisa, hata muuza duka akizisifu namna gani, kwani huongeza hatari ya kuvuja damu. Hakuna dawa ya kuua kirusi chenyewe, na dawa za malaria hazimsaidii mtu asiye na malaria.

La pili, naomba mlizingatie sana. Homa inaposhuka, kwa kawaida kati ya siku ya tatu na ya saba, wengi hudhani wamepona, kumbe huo ndio wakati ambao dengue kali hujitokeza. Mkiona tumbo linauma sana, kutapika kusikokoma, damu kwenye fizi au puani, au mgonjwa amelegea na kukosa utulivu, mpelekeni hospitali bila kusubiri kesho. Aliyewahi kuugua dengue awali achunguzwe kwa makini zaidi, kwa sababu kirusi hiki kina aina nne, na maambukizi ya pili ya aina tofauti huelekea kuwa makali zaidi.

Mhudumu wa afya ya jamii, Sinza
Naomba niongezee kuhusu maji. Mbu anayeeneza dengue, Aedes, hung'ata mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza, ndiyo maana chandarua cha usiku hakikuwakinga. Hutaga mayai kwenye kuta za ndani za chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai hayo huweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa kisha yakaanguliwa chombo kinapojazwa tena. Kwa hiyo kumwaga tu hakutoshi. Kila wiki pipa linapopungua, sugueni kuta zake kwa brashi ngumu na sabuni kabla ya kujaza upya, kisha lifunikeni kwa kifuniko kinachobana au kipande cha chandarua kuukuu kilichofungwa kwa mpira. Nasema kila wiki kwa sababu yai huweza kuwa mbu kamili ndani ya siku saba hadi kumi. Kagueni pia matairi, vifuu vya nazi, visahani vya maua na trei iliyo nyuma ya friji, ambayo karibu kila nyumba huisahau. Mbu huyu haruki mbali, kwa hiyo mwombeni mjumbe awahusishe majirani wa nyumba zinazowazunguka.

Mpangaji wa Tabata
Nashukuru sana, ndugu zangu. Je, kupuliza dawa vyumbani hakutoshi?

Mhudumu wa afya ya jamii, Sinza
Dawa ya kupuliza huua mbu wanaoruka, lakini mayai yaliyomo kwenye mapipa hubaki. Ipulizeni, ila msiache kusugua. Na hao wagonjwa wawili walale ndani ya chandarua hata mchana siku zote za homa, ili mbu asichukue kirusi kwao na kukipeleka chumba cha pili.