Naomba ushauri: mkate wa mayai wa kujaza unanishinda

Habari zenu wapishi. Jumapili mke wangu anatimiza miaka 30, nataka aamke akute mkate wa mayai uliojazwa ndani. Juzi nilijaribu kimyakimya akiwa kazini: slesi mbili za mkate laini wa siku hiyohiyo, katikati ndizi mbivu na siagi ya karanga, nikachovya kwenye mayai 2 na maziwa kikombe kizima. Ukalowa, ukanikatikia mkononi, ndizi zikamwagika kwenye kikaango. Nje umeungua, ndani mayai mabichi! (Paka wa jirani hakulalamika.)

Nipunguze maziwa? Au nichukue boflo la jana, nikate slesi nene na kutoboa mfuko ubavuni? Na moto wa gesi uweje? Hiliki ninayo tayari.