Wastaafu wa viwanda vya nguo Arusha wapimwe mapafu, na nani alipe?

Mkazi wa Unga Limited: Wakubwa shikamooni. Hoja yangu: wazee waliofanya kazi viwanda vya nguo miaka ya 70 na 80, hasa mafundi wa boila, wapimwe mapafu kwa gharama ya mwajiri. Pamba haina asbesto, yale madini ya nyuzinyuzi yanayozuia joto ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Lakini viwanda vingi vya enzi hizo vilifungia asbesto kwenye mabomba ya mvuke. Bomba likivuja, fundi anabomoa ule ufungio kwa patasi, vumbi jeupe linamjaa mpaka kwenye nyusi, jioni mkewe anafua ovaroli hiyohiyo. Saratani ya utando wa mapafu, inayoletwa na vumbi hilo, huchukua hata miaka 20 mpaka 50 kujitokeza. Hesabuni wenyewe.

Mstaafu, Njiro: Marahaba mwanangu. Mbona umewasahau wa kuchambua pamba? Wale kifua kiliwabana kila Jumatatu wakirudi kazini, na hiyo haikuwa asbesto, ni vumbi la pamba. Halafu mwajiri yupi alipe? Kwetu kiwanda kilifungwa, mashine zikauzwa chuma chakavu.

Muuguzi, Moshi: Mimi napinga kupima kila mtu. Eksirei itaonyesha makovu, ila saratani ya utando haina kipimo cha mapema kilichothibitika kuokoa maisha. Tutawatia wazee hofu bure. Ninachodai ni swali moja tu: ulifanya kazi gani? Mzee anakuja anakohoa, anapimwa makohozi, TB haipo, anarudishwa na dawa ya kikohozi. Na anayevuta sigara aache leo, maana asbesto na sigara vikikutana hatari ya saratani ya mapafu hupanda mno.

Mkazi wa Unga Limited: Dada, swali hilo nalikubali kwa mikono miwili, lakini tusiishie hapo. Mwaka 1955 daktari mtafiti Richard Doll alichunguza wanaume 113 wa kiwanda cha Rochdale, Uingereza, waliokaa kwenye vumbi la asbesto miaka 20 au zaidi. Hatari yao ya saratani ya mapafu ilikuwa kama mara 10 ya watu wengine. Wale walisokota asbesto yenyewe, kwa hiyo siwalinganishi na fundi wetu wa mabomba. Ila ilijulikana kwa sababu kumbukumbu za nani alifanya wapi, miaka mingapi, zilikuwepo. Sisi sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya 2008 tunayo. Mzee aliyeacha kazi 1985 atadai kwa karatasi ipi? Wenye vitambulisho na barua za ajira za zamani, msichome. Mzee wa Njiro, zamu yenu ya boila walibaki akina nani? Tuanze kuandika majina.